Nimechoka Hadi Rohoni: Maswali ya Wakristo wa Tanga Kuhusu Uchovu wa Akili

Mimi ni muuguzi, na kanisani ni mzee wa kanisa, hapa Tanga mjini. Maswali haya huyasikia wodini, nje ya kanisa baada ya ibada, na kwenye jumuiya za mitaani kuanzia Makorora hadi Chumbageni. Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa. Majibu ni ya mtu anayeamini kwamba Mungu anaponya, na kwamba usingizi ni mojawapo ya njia anazotumia kuponya.

Nitajuaje kama nimechoka tu, au nimezidiwa?

Uchovu wa kawaida huisha ukipumzika. Umeshinda shambani Pongwe Jumamosi, umeoga, umekula, umelala. Jumapili unaamka mzima na unaimba. Huu mwingine, uchovu wa akili, unalala nao na kuamka nao. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, halikuuita ugonjwa. Liliueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na likataja mambo matatu: nguvu kuisha kabisa, kuichukia kazi au kuiona haina maana, na kushindwa kufanya vizuri kile ulichokuwa unakimudu. Orodha hiyo inazungumzia kazi ya ajira, lakini mimi nimeyaona hayo hayo kwa mama anayemuuguza mkwe wake aliyepooza, na kwa mwinjilisti anayezunguka mitaa yote peke yake kila Jumapili.

Mwalimu mmoja alinieleza jinsi alivyojitambua. Ilikuwa saa nne usiku, amekaa kwenye mkeka jikoni, rundo la madaftari ya hesabu pembeni, maharage yapo kwenye mkaa. Akafungua daftari la kwanza na kulisoma swali lile lile mara tatu, mara nne, asielewe mtoto ameandika nini. Maharage yakaungua hatua mbili kutoka alipokaa, naye hakusikia harufu mpaka mwanawe alipotoka chumbani kuuliza. Alipoona sufuria imekuwa nyeusi hakukasirika wala hakulia. Hakusikia chochote moyoni, na hicho ndicho kilichomtisha.

Dalili nyingine ni kusahau, hasira za ghafla kwa watoto, kichwa na tumbo kuuma bila sababu inayoonekana, na kukwepa watu unaowapenda. Ikiwa simu ikiita moyo unakupiga kabla hujatazama nani anapiga, usilipuuze.

Je, kuchoka hivi ni dhambi, au imani yangu ni ndogo?

Hapana. Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona watu wanaumizwa na swali hili kuliko na uchovu wenyewe.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa wa mlima Karmeli, moto umeshuka mbele ya taifa zima. Katika sura hii yuko jangwani chini ya mti wa mretemu, anamwambia Mungu, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Huyu si mtu aliyerudi nyuma kiimani. Ni mtumishi aliyetumika mpaka akaisha, tena mara tu baada ya kazi kufanikiwa. Wanaoandaa mikutano ya injili wanaijua vizuri ile Jumatatu ya baada ya mkutano.

Sasa angalia Mungu anafanya nini. Hamkemei, wala hamwambii aongeze maombi au afunge siku tatu. Eliya analala, na malaika anakuja kumgusa na kumwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kile kile, anamweleza kwamba safari iliyo mbele ni kubwa mno kwake. Usingizi mara mbili, chakula mara mbili, na mpaka hapo hakuna hata hoja moja ya kiroho iliyozungumzwa. Mazungumzo yanakuja baadaye sana, Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini, na yanaanza kwa swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Mungu anamwacha aseme malalamiko yake yote, tena anamwacha ayarudie neno kwa neno. Kisha anampa msaidizi, Elisha, na kumjulisha kwamba wapo watu elfu saba ambao yeye hakuwajua. Eliya alidhani amebaki peke yake.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mwenye Yesu hachoki, mfungulie pia Yohana 4, pale Yesu alipoketi kisimani kwa sababu amechoka na safari. Mfungulie na Marko 4, alipolala kwenye shetri ya chombo huku dhoruba inavuma. Wavuvi wetu wa Deep Sea wanajua mtu wa kulala katika bahari ya namna ile amechoka kiasi gani.

Nimeambiwa ni pepo, nikaombewe. Niende?

Maombi nenda, hayajawahi kumdhuru mtu. Ila usikubali kupigwa, kunyimwa chakula na maji, kufungiwa mahali, au kuambiwa uache dawa. Anayefanya hivyo kwa jina la Yesu anamdhulumu mgonjwa. Nami ningependa upime kwanza, kwa sababu uchovu usioisha unaweza kuwa upungufu wa damu, sukari, presha, malaria au tezi ya shingo. Nimeona mama akiombewa miezi kadhaa ilhali shida ilikuwa damu. Alipopimwa na kupewa vidonge vya madini ya chuma, alianza kupanda ngazi za kanisa bila kupumzika njiani.

Siwezi kuomba tena. Nikipiga magoti maneno hayaji. Nifanyeje?

Acha kutafuta maneno. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Wapo watu wengine pia walioandika maneno kwa ajili ya siku kama hizi. Zaburi ya 13 inaanza na "Ee Bwana, hata lini?" Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata mstari wa kufunga kwa furaha, na bado imo katika Biblia. Maana yake kanisa linakuruhusu kusali bila kujifanya una furaha.

Ninachowapa watu ni kidogo sana. Kaa kwenye kiti, si magotini kama magoti yanauma. Vuta pumzi taratibu ukisema moyoni, "Bwana ndiye mchungaji wangu." Toa pumzi taratibu zaidi ukisema, "sitapungukiwa na kitu." Rudia dakika chache, halafu nyamaza. Usiposikia lolote, umeshaomba. Wanaosali rozari wanalijua hili tangu zamani. Maneno yanayorudiwa yanamsaidia aliyeishiwa maneno yake mwenyewe.

Na kama hata hilo haliwezekani, mwombe mtu mmoja akuombee kwa muda. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne, na Yesu alipoiona imani yao alimponya yeye.

Kilichonichosha ni kanisa lenyewe. Nianzie wapi?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mtu akitazama pembeni. Ni mwanakwaya, katibu wa kamati ya ujenzi, mwalimu wa shule ya Jumapili na mweka hazina wa akina mama, na wote hao ni mtu mmoja. Mazoezi Jumanne na Alhamisi, jumuiya Jumatano, mkesha Ijumaa, msiba Jumamosi, Jumapili ibada mbili na kikao. Magrupu ya WhatsApp yanaita mpaka saa sita usiku. Tuna tabia ya mzigo mzito mpe Mnyamwezi: anayefanya vizuri tunamwongezea, na anayekaa nyuma tunamwacha akae. Kisha yule mmoja akianguka tunasema shetani amemwinukia.

Biblia ina sura nzima kuhusu jambo hili, Kutoka 18. Musa anaamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, peke yake. Baba mkwe wake Yethro anakuja kumtembelea, anatazama siku moja tu, kisha anamwambia, "Jambo hili ufanyalo si jema." Anamweleza kwamba atajidhoofisha yeye na watu pia. Hiyo sehemu ya watu tunaisahau: waliosimama foleni mchana kutwa nao walichoka. Dawa yake ilikuwa kugawa kazi, wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Wala Musa hakuona kwamba mgeni amemdharau. Alifanya yote aliyoambiwa.

Andika kwenye karatasi nafasi zote ulizo nazo kanisani. Chagua moja ambayo ukiifanya unarudi nyumbani umeburudika. Nyingine ziombee muda wa kukabidhi, si kutoroka: taja tarehe, taja mtu unayedhani anaweza, mkabidhi madaftari na hesabu. Kwa wachungaji na wazee wenzangu nasema wazi kwamba tukiona jina moja kwenye kamati nne, tumekosea sisi.

Nitamkatalia vipi mchungaji au mkubwa bila kuonekana nina kiburi?

Kwa heshima, kwa ufupi, na mapema. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Unaweza kusema hivi:

"Shikamoo mchungaji. Bwana Yesu asifiwe. Nimekuja kukueleza jambo langu kabla sijaharibu kazi ya Mungu. Mwili wangu umezidiwa, na nyumbani wameanza kuumia. Naomba kupumzika kwenye kamati hadi baada ya Pasaka. Shule ya Jumapili nitaendelea nayo."

Usiongeze visingizio kumi. Kila kisingizio kinafungua mlango wa kubembelezwa. Akisema, "Basi mama, tusaidie hii ya mwisho," mjibu, "Nakuomba radhi baba, hii nayo siwezi," kisha ukae kimya. Kimya kitakuwa kizito kidogo, kivumilie. Kwa ndugu wanaoomba michango kila mwezi ni hivyo hivyo: taja kiasi unachoweza, kitoe siku hiyo hiyo, usiahidi zaidi.

Kazini hakuna kupumzika. Kudai likizo si kukosa unyenyekevu?

Unachodai ni haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, siku zisizozidi 6. Mwajiriwa anapaswa kupata saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28. Ukiugua na daktari akathibitisha, ipo likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mgogoro ukishindikana ofisini, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Mtumishi wa umma aulize utumishi kuhusu kanuni zake. Anza kwa mazungumzo na barua, weka nakala.

Nina neno pia kwa Wakristo walio waajiri, na hapa wengi tumo hata kama hatuna kiwanda. Kumbukumbu la Torati 5:14 inasema sabato ni pamoja na mtumwa na mjakazi wako, wapumzike kama wewe. Yule dada wa kazi aliyetoka Lushoto, anayeamka saa kumi na moja kuwasha jiko na kulala baada ya sufuria ya mwisho, siku yake ya kupumzika ni ipi? Wengine tunamwacha nyumbani apike ili sisi twende ibadani. Hilo linaniuma kila Jumapili.

Mimi nauza vitumbua, nina marejesho kila wiki. Nikipumzika watoto watakula nini?

Sitakudanganya kwamba sala itafuta marejesho. Mwenye mkopo wa kausha damu hana usingizi wa kuhubiriwa. Ninachoweza kukuambia ni mambo ambayo nimeona yakiwasaidia akina mama wenzako. Usikope mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Nenda kwa viongozi wa kikundi kabla ya siku ya kushindwa, uombe kupunguziwa kiwango na kuongezewa muda. Kikundi cha VICOBA cha mtaani mara nyingi kinasikia, hasa ukienda na mtu wa kukushuhudia. Na jumuiya ya kanisa ilijue jambo hili, kwa sababu Wagalatia 6:2 inazungumzia mizigo halisi, na deni ni mzigo.

Kuhusu siku ya kupumzika, kumbuka mana ya Kutoka 16. Siku ya sita Waisraeli waliokota maradufu. Waliotoka siku ya saba hawakukuta kitu. Kama siku nzima haiwezekani, anza na nusu, tangu mchana wa Jumapili, na uifidie Jumamosi kwa kuongeza unga kidogo. Yesu alisema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Ulale mchana huo, usifue.

Nikienda hospitali au nikimeza dawa za akili, nimemwacha Mungu?

Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Paulo huyo huyo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hawakuona mgongano.

Kama huzuni, kukosa hamu ya kila kitu, au usingizi kuharibika vimedumu kwa wiki mbili au zaidi, huenda imeshakuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika utaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, kwa hiyo usiziache wiki ya kwanza kwa kudhani hazifanyi kazi. Hata ukipata nafuu usizikatishe ghafla, mwulize aliyekupa.

Wanaofikiri kanisa na tiba ya akili ni vitu viwili watazame milima yetu wenyewe. Lutindi, wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ipo hadi leo chini ya KKKT. Kanisa la mkoa huu limekuwa katika kazi hii kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nimeanza kuwaza kwamba ni heri nife. Naogopa hata kusema.

Asante kwa kusema. Eliya alilisema hilo kwa Mungu, na Mungu hakumtupa. Leo hii, si kesho, mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe kwa maneno ya wazi: "Nawaza kujiua." Usilale peke yako usiku wa leo. Sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge vitoke mikononi mwako, apewe mtu mwingine avitunze. Mwende hospitali pamoja, hata kama ni usiku. Idara ya dharura inapokea. Na wewe unayeambiwa, usianze kumwuliza kuhusu moto wa milele. Kaa naye. Mpe maji. Piga simu kwa ndugu.

Baba watoto yuko hivi, na hataki kusema. Nimsaidieje?

Wanaume wengi hawasemi "nimezidiwa". Wanachelewa kurudi, wanakuwa wakali, wanakunywa. Usimkabili mbele ya watoto wala mbele ya mama mkwe. Chagua wakati mnafanya jambo lingine, kwa mfano mkitembea kuelekea Raskazone jioni, kila mtu macho yake mbele. Mwambie ulichokiona, si unachomhukumu: "Baba Neema, siku hizi hulali. Naona. Niko nawe." Kisha mwache. Akijibu wiki ijayo, amejibu mapema. Na mwombe mmoja wa wanaume wenzake kanisani amtembelee, bila Biblia mkononi mara ya kwanza.

Kuna mahali pa kwenda kutulia hapa kwetu?

Yesu aliwaambia wanafunzi wake waende faragha, mahali pasipo na watu, wakapumzike kidogo, kwa sababu walikosa hata nafasi ya kula. Mwenye nauli apande gari la Lushoto kupitia Mombo. Hewa ya Usambara peke yake inashusha mabega, na huko juu watawa Wabenedikti wana makao yao Sakharani. Asiye na nauli, milango ya makanisa mengi mjini iko wazi mchana. Keti benchi la nyuma saa nane, wakati jua kali na ndani hakuna mtu. Simu iache nyumbani.

Itachukua muda gani?

Miezi, mara nyingi. Hukuchoka kwa wiki moja.

Sasa nina nafuu. Nirudi kwenye kwaya?

Rudi kwa kuketi kwanza. Hudhuria ibada kama mshirika wa kawaida majuma kadhaa, uimbe ukiwa katikati ya watu bila sare. Ukiona hamu inarudi, uliza kama unaweza kuja zoezi moja kwa wiki badala ya mawili, na umwambie mwalimu wa kwaya mbele ya wenzako ili lisiwe siri ya kubishaniwa baadaye. Usichukue uongozi mwaka wa kwanza, hata wakikupigia kura. Mumeo, mkeo au mwanao awe na ruhusa ya kukuambia akiona dalili zile zinarejea, nawe umsikilize bila kumjibu siku hiyo hiyo. Yule mwalimu wa maharage alirudi kwenye sauti ya pili. Madaftari anasahihishia shuleni kabla ya kengele ya mwisho, na yasiyoisha yanalala huko huko kabatini.